Mshipa wa Pili

3 Machi

Baba shikamoo,

Natumaini hujambo na presha imetulia. Mimi mzima juu ya kiuno na chini ya kiuno. Hapo katikati usiniulize. Ile sindano ya mgongo haikusaidia. Daktari kasema maumivu yamo kichwani mwangu tu, nitafute kazi ya kukaa. Mtandaza vigae akae wapi?

Na lile ombi lako, kwamba ukifa mwili upelekwe chuoni wanafunzi wa udaktari waupasue: baba mkubwa amekataa, nami nimekataa. Hukutuzaa tuje kukuacha mezani.

Mwanao, Fundi

11 Machi

Marahaba mwanangu,

Presha imetulia, anayeipandisha ni baba yako mkubwa. Sasa tulia nikueleze, maana somo hili nimelifundisha hadi kustaafu. Nyuma ya uti wa mgongo, kati ya pingili na pingili, kuna viungo vidogo, kulia na kushoto. Kila kiungo kina mishipa miwili ya fahamu: mmoja wa hapo hapo, mwingine unashuka kutoka pingili ya juu. Ukizimwa mmoja kwa sindano, maumivu hupitia wa pili. Muulize daktari alidunga mingapi. Wala usimuulize kwa upole.

Hayo hatukuyaota. Watu waliinama na kisu kidogo, wakaufuata mshipa mwembamba kama uzi mpaka unapoishia, ndani ya mwili wa mtu aliyesema, "Nichukueni." Na wanawe, bila shaka, walikuwa wamekataa.

Baba yako

29 Mei

Baba shikamoo,

Waendeleaje? Alidunga mmoja, na hakupenda kuulizwa, basi nikahama. Daktari wa sasa aliizima mishipa yote miwili kwa majaribio, maumivu yakalala siku ileile. Ndipo akaichoma kwa sindano ya moto. Kaniambia mishipa huota tena. Ikiota, nitarudi.

Jumapili ukoo ulikaa kikao. Baba mkubwa akasema watu wetu hawakatwikatwi. Nikasimama, bila kushika kiti, nikamwambia: "Mgongo huu umesimamishwa na watu waliokatwa. Baba atakwenda. Na mimi siku yangu ikifika nitakwenda, nimeshajiandikisha."

Mwanao, Fundi

6 Juni

Marahaba,

Wewe hapana. Mimi mzee, nimeshatumika. Wewe nilikuogesha kwa mikono hii. Nimeshika kisu miaka mingi, lakini kikikugusa wewe sitaki hata kukiwaza. Kafute jina.

Baba yako

14 Juni

Baba shikamoo,

Presha je? Barua yako imenikuta nimepiga magoti sebuleni kwa watu, tangu asubuhi, na mgongo kimya. Nimeisoma. Ni ile yangu ya Machi, mwandiko tu ndio umebadilika.

Sifuti. Siku hiyo wanafunzi watapaona palipochomwa, wajifunzie hapo.

Kama bado hutaki, kikao kijacho njoo ukae upande wa baba mkubwa. Kiti kipo.

Mwanao, Fundi