Baraka za Bitiruti

Nekoye, wacha kila kitu usome hii. Wamaitha amenipigia sasa hivi.

Unajua yeye haweki rangi ya duka kwa yogati yake, ni juisi ya bitiruti tu. Jana alipeleka lita mbili Subukia kwa mama ya mchumba wake Jamleck, yule mama ambaye amekataa harusi yao miaka miwili.

Mama akanywa vikombe vinne. Vinne, Nekoye.

Leo asubuhi ameenda choo akaona mkojo mwekundu. Akarudi kitandani, akawaita Wamaitha na Jamleck, akasema, "Mimi naenda. Oaneni. Nimewabariki."

Wamaitha akalia kweli. Halafu akakumbuka, akauliza polepole, "Mama, ile yogati ulikunywa ngapi?"

"Vikombe vinne."

"Basi ni rangi ya bitiruti, Mama. Kesho itakuwa imeisha."

Mama akaketi, akafunga leso, akasema hizo baraka zingoje kwanza.

Na Jamleck, vile ni mpole, akamwambia, "Mama, ulishabariki. Tulisikia wote."

Mwishowe Mama akasema sawa, lakini siku ya harusi yeye atakunywa chai.