Sindano Mbili

Jumamosi, 7 Machi

Semina kutwa nzima. Viti vya plastiki, feni moja inayolalamika. Tuliokuwepo ni wachoraji tatuu, watoboa masikio, na mama mmoja wa saluni anayechora nyusi. Msemaji ni afisa afya. Kufikia mchana tulishambandika jina, Bwana Sabuni. Kila sentensi yake inaishia kwenye kunawa mikono.

Kanuni mpya zimeanza kutumika. Sindano moja kwa mtu mmoja, kisha inatupwa kwenye boksi gumu. Wino unamiminwa kwenye kikombe kidogo, ukibaki unamwagwa. Kitanda kinafutwa kwa dawa kila mteja akishuka. Hayo nayafanya tangu nifungue. La umri ndilo lililozua minong'ono. Chini ya miaka kumi na minane, hapana. Hata mzazi aje mwenyewe, asaini, amshike mwanawe mkono — hapana. Jamaa mmoja wa nyuma akauliza, na kama mzazi ndiye anayelipa? Bwana Sabuni akamuuliza kama huyo mzazi atamlipia na faini. Tukacheka. Mimi nilicheka kidogo.

Kisha akasema neno ambalo nimekuja nalo mpaka hapa chumbani kwenye nyumba ya wageni. Anayejibu ni mwenye jina kwenye leseni. Si lazima awe ndiye aliyeshika mashine. Mwenye jina.

Jina langu liko ukutani, ndani ya fremu. Mimi niliyeanza kwa kuandika namba za magari kwa brashi! Na funguo za studio anazo mdogo wangu mpaka kesho jioni. Watu wanamwita Mpole, na kweli ni mpole, hata mbu humfukuza kwa adabu. Mkono wake mzuri, anajifunza haraka. Nimempigia mara mbili. Mara ya pili akasema, "Dada, studio haijakimbia."

Najua haijakimbia. Nitampigia tena kesho.

Jumapili, 8 Machi

Semina imeisha. Nimempigia tena mchana. Nyuma yake makelele, wasichana wanacheka. Akasema ni redio.

Redio gani hiyo.

Jumatatu, 9 Machi

Nimerudi. Sakafu inang'aa kupita kiasi, dawa inanukia mpaka barabarani. Nikamuuliza amepata wateja wangapi. Mmoja tu, mzee wa gereji, alitaka jina la mkewe mkononi.

Nikachungulia boksi la sindano zilizotumika. Nililiweka jipya Ijumaa. Ndani sindano mbili. Sawa, moja ya mistari, moja ya kivuli. Lakini chupa ya wino mweusi imeshuka sana. Mke wa huyo mzee ana jina refu kiasi gani?

Nimejikataza kuuliza zaidi. Nikiuliza kila kitu atasema simwamini. Na itakuwa kweli.

Jumatano, 11 Machi

Asubuhi aliingia dereva wa basi la shule, yule mama mrefu anayepita hapa mbele kila siku akipiga honi. Nyuma yake bintiye, anachechemea. Namfahamu. Ni golikipa wa timu ya wasichana ya sekondari ya jirani, na kila mtu anamwita Golikipa, hata mama yake. Ana miaka kumi na sita.

Salamu zilikuwa fupi. Mama akamwambia, "Mwonyeshe."

Akashusha soksi. Juu ya kifundo cha mguu, nyota ndogo nyeusi. Ngozi kuizunguka imevimba, nyekundu, inang'aa. Usaha kwenye ncha moja.

Mchoraji nilimjua kabla sijauliza. Ncha ya chini ya nyota zake Mpole huwa inakwenda kidogo kulia. Nimemkemea mwaka mzima kuhusu hiyo ncha.

Yule mama hakupaza sauti. Alisema hakuja kwa ugomvi. Hataki kesi, hataki polisi, hataki mwanawe asemwe shuleni. "Wewe ndiye fundi wa mambo haya. Msafishe kidonda, unipe dawa, tumalizane hapa hapa."

Ilikuwa rahisi hivyo. Ningemfunga bandeji, ningeomba radhi, wangeondoka. Kwa sekunde chache nilishaanza kutafuta pamba, nitasema ukweli hapa maana hakuna anayesoma.

Halafu nikamuuliza Golikipa alichorwa lini. Jumapili, baada ya kuchukua kombe Jumamosi. Nikamuuliza kama alikuwa peke yake. Akamwangalia mama yake kwanza.

"Timu nzima, dada. Tulikuwa kumi na watatu, pamoja na wa akiba."

Nikakaa kwenye kitanda cha wateja.

Nikamuuliza kuhusu sindano. Akajibu haraka, kama anayemtetea mtu, kwamba Mpole alikuwa mwangalifu sana, aliifuta kwa spiriti kila alipomaliza mmoja.

Aliifuta. Hiyo hiyo moja.

Nikamwambia yule mama kwamba hili si la pamba na bandeji. Kidonda kinaonekana na kitapona. Linalonitisha ni lisiloonekana. Homa ya ini inapita kwenye damu, na magonjwa mengine pia. Watoto wote wapelekwe zahanati, na chanjo ikiwahi husaidia. Nikamwambia pia kwamba boksi langu lina sindano mbili tu.

"Mbili," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa watoto kumi na watatu."

Hakunitukana. Angenitukana ingekuwa nafuu. Alitoa simu akaanza kuwapigia wazazi wenzake, mmoja baada ya mwingine, amesimama katikati ya studio yangu. Kila simu nilisikia nikitajwa, na kila simu nilizidi kuwa mbaya. Kwa wa kwanza nilikuwa "dada wa tatuu." Mpaka mwisho nilikuwa "hawa watu."

Mpole akarudi kutoka kula, wameshaondoka. Aliponiona tu akajua. Hakuna mzee wa gereji, hajawahi kuwepo. Aliwaahidi wasichana tangu mwanzo wa mashindano kwamba wakishinda atawachora. Huwa anawabebea maji uwanjani, wanamwita kocha kwa utani, na yeye kalewa hiyo heshima.

"Wameshinda, Dada. Ningewaambia nini?"

Nikamwambia angewaambia hapana. Ni neno fupi.

"Wewe ndiye unayelijua hilo neno."

Nikamuuliza basi kwa nini hakubadilisha sindano. Hapo akainamisha kichwa, akasema taratibu kabisa, "Kabati umefunga. Uliondoka na ufunguo. Uliniachia mbili."

Ni kweli. Nilifunga ili asichore nisipokuwepo. Nilimwachia mbili kwa ajili ya dharura — sijui dharura gani ya tatuu nilikuwa naiwaza. Ya kwanza ilipoanza kukwaruza ngozi, akaweka ya pili. Wino, kikombe kimoja kwa wote. Alikuwa anaongezea.

Sikumpiga. Nilikunja taulo moja, nikaikunjua, nikaikunja tena.

Alhamisi, 12 Machi

Sikulala vizuri. Nimekwenda mwenyewe kwa Bwana Sabuni kabla hajafungua ofisi. Nilikuta anapanga viti vya wageni. Nilimsimulia nikiwa nimesimama. Akasikiliza bila kunikatiza, akauliza kuhusu kikombe cha wino mara mbili, kana kwamba anaomba nijibu vingine.

Kisha akasema, "Umefanya vizuri kuja. Haitakusaidia sana. Lakini umefanya vizuri."

Mchana akaja na mwenzake, wakafunga studio. Karatasi mlangoni, muhuri, na utepe ambao watoto wa mtaa walishaanza kuuvuta kabla maafisa hawajafika kona. Fremu ya leseni waliishusha wao. Ukutani pamebaki mraba mweupe kuliko rangi nyingine, sikujua ukuta wangu ulichafuka hivyo. Boksi la sindano wamelichukua kama lilivyo. Leseni imesimamishwa mpaka shauri lisikilizwe. Faini, kifungo, vyote viwili, yeye hajui, hilo si lake. Na Mpole anatakiwa kutoa maelezo kesho, bila kukosa.

Mpole hayupo. Simu imezimwa. Shati lake la kazi liko kwenye msumari wake, viatu havipo.

Mama yetu akapiga. Nilidhani Mpole kampigia, kumbe na yeye anamtafuta. Akaniuliza nimemfanya nini mdogo wangu. Nikamweleza yote, polepole. Nilipomaliza akasema, "Lakini wewe ndiye mkubwa."

Ndiyo, mama. Hata kwenye semina walisema hivyo hivyo.

Golikipa ameanzishiwa dawa ya kidonda. Mama yake kanitumia ujumbe, maneno manne: kesho, saa mbili, zahanati. Siku zinakimbia. Nimempigia nesi wa zahanati, akasema chanjo ingefaa zaidi siku ile ile ya Jumapili, na kila siku inayopita inapunguza kitu. Sikuuliza inapunguza nini.

Ijumaa, 13 Machi

Naandika kwenye korido ya zahanati, daftari magotini. Benchi zote zimejaa. Wasichana wamevaa sare za shule, kila mmoja na pamba mkononi walipotolewa damu. Mwanzoni walikuwa wanacheka, wanashindana nani aliyelia. Sasa wametulia. Wazazi wamekaa upande wa pili. Karibu yangu kuna nafasi ya watu wawili, hakuna anayekaa.

Wengine wamekuja na kadi za kliniki za utotoni, zinaonyesha chanjo walizopata wakiwa wachanga. Wengine kadi zilipotea walipohama. Mama Golikipa ni mmoja wa hao. Alipindua mkoba wake wote juu ya benchi, kana kwamba kadi ingekuwa imejificha chini ya funguo za basi.

Nesi alitoka, akaita wazazi wote wakaribie. Mwanamke mfupi, sauti ya kawaida kabisa. Kipimo kimoja kimeonyesha virusi vya homa ya ini. Hatasema ni cha nani, atazungumza na familia hiyo peke yake. Virusi hivyo havikutoka kwenye tatuu ya Jumapili, ni mapema mno kuonekana, kwa hiyo mtoto huyo anavyo tangu zamani, huenda tangu kuzaliwa, bila mtu kujua. Wengine wote ni wazima kwa leo. Leo ndiyo aliyoikazia. Pamoja na chanjo kuna sindano ya kinga ya haraka, lakini aliyonayo haiwatoshi wote, nyingine inaletwa. Anataka kujua waanze na nani. Kwa hiyo anataka kujua jambo moja tu: nani alichorwa baada ya nani.

Wasichana wakaanza kubishana. Mimi nilikuwa wa nne. Wewe! Wa nne nilikuwa mimi, wewe ulikwenda kununua soda. Nesi akasema hapana, anamtaka aliyechora.

Wote wakanigeukia. Nikasema sijui alipo.

Mama Golikipa akasimama, akachukua funguo zake, akatoka. Basi likaunguruma nje. Nilidhani amekata tamaa, au anawahi watoto wa shule. Amekaa huko mpaka nesi akaniletea maji bila kuombwa. Aliporudi, basi lote lilikuwa tupu, kasoro kiti cha nyuma. Alimkuta Mpole uwanjani, amekaa golini. Alifungua mlango wa basi akamwambia "Panda," naye akapanda. Hivyo ndivyo alivyonieleza, na hajaongeza.

Nesi akatuita wawili, mimi na Mpole, ndani. Akamwambia afumbe macho kama itamsaidia. Akafumba. Akaanza kutaja — nahodha, kisha wale mapacha, kisha yule mwenye kasi wa pembeni. Nesi alikuwa anasikiliza tu, kalamu imelala mezani. Alipotajwa wa tano akaiokota. Wa sita akaanza kuandika.

Kumbe mwenye virusi ni wa tano. Sikutaka kujua, na sasa najua.

Aliendelea. Sindano ya pili iliingia kwa wa nane. Kikombe kile kile, nesi aliuliza, akaitikia. Na Golikipa? Golikipa aliogopa, akasema. Kila akiitwa alisema mwenzangu atangulie. Mpaka akabaki peke yake, wenzake wakamshika mikono. Wa mwisho.

Nesi akaandika. Akauliza kama ndio wote.

Mpole akafumbua macho. Akainama, akapandisha mguu wa suruali. Nyota. Hiyo ncha ya chini imekwenda kulia. Wasichana walimwambia kocha naye ni timu, akajichora mwenyewe, na sindano ile ile. Jumapili ile ile ambayo mimi nilisikia redio.

"Dada, usimwambie mama," akasema. Kama tumevunja kikombe.

Nesi akaniomba nitoke, amshughulikie. Nimetoka. Nimekaa pale pale pangu. Mama Golikipa amevuka korido, amekaa karibu yangu, wa kwanza tangu asubuhi. Ananukia dizeli na sabuni ya kufulia. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini ili binti asisikie:

"Wangu alikuwa wa ngapi?"

Nesi atamwambia. Ni kazi ya nesi. Mlango bado umefungwa. Golikipa anatutazama kutoka benchi ya pili, amekunja mguu mzuri juu ya ule unaouma. Na mama yake hajaondoa macho usoni kwangu, anasubiri, na mimi naandika ili nisiinue kichwa.