Opio, Ndugu Yako Amechoka

Opio mwanangu,

Ni mimi mama yako. Nimekaa kwa kibanda changu hapa Malaba, chai imeisha kwa birika na sufuria sijaosha. Miguu imevimba. Nimeona nikuandikie kabla usingizi haujanishika hapa hapa kwa benchi, maana kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu.

Lakini kwanza nijisifu kidogo. Unanijua.

Madereva wa trela bado wananiita Mama Mapacha. Sijawakataza. Mwanamke aliyezaa wavulana wawili siku moja hashushwi cheo, hata na kifo. Na huyo ndugu yako Odongo, uliyekuwa ukimwambia, "Mimi ni mkubwa wako, nibebee viatu," sasa anamaliza chuo, anasomea kompyuta. Ameunda app, Opio. Si ya kuchezea. Inaonyesha laini ya matrela ya kuvuka mpaka imefika wapi leo na mkia wake uko wapi, kwa hivyo ameiita Mkia. Dereva anaangalia simu, anajua kama atalala barabarani. Mimi naangalia simu, najua chapati nizipeleke upande gani. Zamani nilikuwa natembea na karai kichwani mpaka shingo inazama mabegani. Leo dereva akifika ananitania, "Mama Mapacha, mkia uko wapi?" Namwambia, "Umeukalia. Kunywa chai." Na mtu wa kwanza kuijaribu hiyo app ni nani? Ni mimi. Tena nilimwambia maandishi yake ni ya sisimizi, akayakuza.

Ukimwona akiiandika utachoka mwenyewe. Mistari juu ya mistari, unadhani mchwa wametembea kwa kioo.

Na baiskeli yako bado anaiendesha. Siku tulipokuzika alisimama mbele ya watu, mkono juu ya kiti cha ile baiskeli yako ya resi, akasema, "Opio hajaacha kukimbia. Nitakimbia mimi badala yake." Watu walipiga makofi wakilia. Mimi nilipiga vigelegele, sijui sauti ilitoka wapi. Resi iliyofuata kule Busia alivaa jezi yako, na mtu wa kipaza sauti akatangaza jina lako kwa sababu sura ni ile ile. Watu wakaitikia, "Opio! Opio!" Nami nikaita, mwanangu. Niliita kuliko wote. Alipopita mbele yangu nilikuwa na wewe. Shingo yako, jasho lako, ule mdomo wako wa kubaki wazi kama unataka kumeza upepo. Akashinda! Wiki nzima nilitembea sokoni kama bibi arusi.

Tangu hapo hajapumzika. Siku za kazi yuko chuo. Ijumaa jioni anafika, anakula amesimama. Kesho yake kabla jua halijatoka yuko kwenye vilima vya Angurai. Akirudi anaweka miguu kwa beseni ya maji baridi, kompyuta juu ya mapaja, anaandika. Nikimwekea ugali, unapoa. Mama Akisa, yule jirani wangu wa ndizi, aliniuliza, "Huyu mtoto wako anasoma ama anafukuzwa?" Nikamwambia, "Wako hasomi wala hafukuzwi, nyamaza." Tulicheka. Lakini alipoenda kuhudumia mteja, mimi nilibaki na lile swali.

Halafu akaanguka. Alikuwa anafanya mazoezi, karibu kufika Bumala. Mtu wa boda ndiye alimleta, yeye mbele na baiskeli imefungwa nyuma. Nikauliza, "Amegongwa na nani?" Yule kijana akaangalia chini. "Mama, huyu hakugongwa. Huyu alilala." Alilala, Opio! Juu ya baiskeli, mchana, macho wazi. Nilimwosha goti na maji ya chumvi. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama kompyuta iko na chaji.

Na mbele yake kulikuwa na siku moja yenye mambo mawili. Chuo kilitaka aonyeshe hiyo Mkia mbele ya walimu na wageni wa kutoka Nairobi. Na siku hiyo hiyo ni ile resi ya kutoka Angurai, inapita hapa Malaba, inaishia Busia. Resi yako, ambayo hukuwa unaikosa. Alikuwa amepanga akimbie asubuhi, kisha apande boda na jasho lake aende kusimama mbele ya watu wa suti. Nikamwambia hapana. Nikamuuliza, "Odongo, wewe baiskeli unaipenda?"

Akajibu, "Sijui, Mama. Sijawahi kujiuliza." Kisha akasema, polepole, "Lakini nikiiacha, Opio ataenda wapi?"

Nilienda kukanda unga. Nilikanda mpaka ukawa kama mpira bila kujua, maana hilo swali lilikuwa langu pia. Yeye akishuka kwa baiskeli, mimi nitakuona wapi tena?

Siku kadhaa zilipita, tunaongea tu habari za chumvi na maji. Mwisho nikamwita, nikamwambia, "Opio nilimbeba mimi kabla hajajua kutembea, sembuse baiskeli. Kumbeba ni kazi yangu. Bado nina mgongo. Wewe nenda chuo." Aliweka kichwa kwa meza akalia kama siku ile ya hospitali, ile homa ilipokupanda kichwani na daktari akatutoa nje. Kisha akalala mchana kutwa. Nilifukuza hata kuku.

Basi leo amevaa shati jeupe nililompigia pasi, ameenda. Na resi imepita hapa.

Nilisimama kando ya barabara na wengine. Walikuja wakishuka, jezi nyekundu, jezi za kijani, watoto wa watu. Niliangalia uso mmoja mmoja mpaka wa mwisho kabisa, yule anayefuatwa na gari la wagonjwa. Hukuwepo. Mama Akisa alinishika mkono. Wewe tulikuzika zamani, Opio. Lakini leo ndiyo nimekuona ukiondoka.

Ndugu yako amepiga simu saa kumi. Anasema walimsikiliza, wakamuuliza mengi, watamjibu baadaye. Halafu akasema, "Mama, nina njaa." Opio, sijamsikia huyu mtoto akisema ana njaa tangu tulipotoka kwa kaburi lako.

Baiskeli yako iko ndani, imeegemea ukuta. Akiitaka siku moja kwa raha yake mwenyewe, aichukue. Asipoitaka, ikae. Usimdai.

Sasa wacha nikuage, mkubwa wangu. Naenda kuosha sufuria nipike, mtu yuko njiani. Na nakuahidi hivi: nikikukosa, nitakulilia mimi mwenyewe. Sitamtuma ndugu yako.

Mama yenu