Moshi wa Nyumba ya Tabitha

Mjukuu wangu Chebet,

Pokea salamu kutoka Rongai. Sisi tuko, ni magoti tu yananisumbua na hii baridi. Mjomba wako amemaliza kuvuna mahindi, na ile ng'ombe nyekundu imezaa.

Umeniuliza kama kuchora kunaweza kusaidia mtu mwenye uchungu, vile mnafundishwa huko chuoni. Ya vitabu siyajui. Nakumbuka tu tulipofukuzwa kwetu Olenguruone wakati wa mapigano, nikiwa msichana, tukalala kwa ukumbi wa kanisa. Mama mmoja mshauri alikuja, akatuketisha wanawake kwa duara, akatupa karatasi na makaa, akasema kila mtu achore nyumba aliyoiacha.

Jirani yetu Tabitha alikuwa amezika mtoto wake njiani, na hakuwa ameongea tangu tufike. Alichora nyumba, moshi mwingi ukitoka kwa paa la nyasi. Mshauri akamshika bega.

"Pole, mama. Waliichoma?"

Tabitha akaiangalia ile karatasi. "Hapana. Hapo ni jioni. Napikia mtoto."

Kisha akalia, na hakuna aliyemnyamazisha. Mama yangu akachukua makaa tena, akaongeza moshi kwa nyumba aliyochora yeye. Mmoja mmoja, wote wakaongeza.

Sijui kama huko ndiko kupona. Lakini mpaka leo, jioni nikiona moshi kwa jikoni ya mtu, nasimama kidogo. Kuna mtoto anapikiwa.

Ni mimi gogo, nyanya yako,
Rongai.