Habari Ulizozisikia Peke Yako Kiev

Baba,

Tangu tukuzike hapa Toronto, theluji imeanguka na kuyeyuka, nami sijakuandikia. Aibu ilinizuia. Ni ile hadithi yako ya Kiev.

Uliisimulia kila sherehe hapa mtaani kwetu Crescent Town: ulivyokuwa mwanafunzi kule wakati kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka. Mafundi walikuwa wakikifanyia jaribio huku wamezima mitambo ya usalama, na wakubwa walishawaficha kwamba kinu chenyewe kina kasoro. Serikali ikatangaza maneno machache: hali imedhibitiwa. Lakini wewe, na kiredio chako bwenini, ukasikia habari kamili kwa Kiswahili kutoka ng'ambo, kwamba sumu imo hewani. Ukafunga madirisha, ukala samaki wa kopo, Mei Mosi ukapanda treni. "Wenye nchi hawajui, mimi mtoto wa Songea najua!" Ukumbi mzima ulicheka. Nami nilicheka, Baba.

Baada ya mazishi alikuja Halyna, yule muuguzi aliyekuogesha wiki zako za mwisho. Nilitaka kumchangamsha, nikamsimulia. Hakucheka. Aliweka kikombe chini, akaniambia kwamba naye alikuwa Kiev, mtoto wa darasa la pili. Mei Mosi hiyo shule iliwapanga barabarani na soksi nyeupe na maua, waimbe, upepo ukiwapiga vumbi usoni. Akashusha kola, akanionyesha kovu la shingoni alipotolewa tezi iliyoharibiwa na sumu ile. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Baba yako alimwambia nani?"

 

Ndipo nikakumbuka kipande ulichozoea kukipitia mbiombio: binti wa mfagizi wa bweni, aliyekuja asubuhi ile ya Mei Mosi umfunge utepe wa nywele aende kwenye maandamano. Ulimfunga. Ukanyamaza. Najua uliogopa, mwanafunzi mgeni akisemekana anaeneza uvumi, angerudishwa kwao. Hofu hiyo naielewa, maana hata hapa tuliishi tumeinamisha vichwa mpaka tulipopata makaratasi ya ukaazi. Lakini alikuwa mtoto, Baba. Alikuwa mtoto.

Siku ya arobaini yako niliisimulia upya, na utepe wake. Baba mdogo Festo alinikemea: "Marehemu hasemwi!" Halyna, aliyeketi karibu na mlango na sahani yake ya pilau, akasema kwa Kiingereza chake kizito, "Mwacheni aseme." Watu wakatazama sahani zao. Nilitamani ardhi inimeze, kwa ajili yako, na kwa vicheko vyetu vya miaka yote.

Sikuchukii. Nakuona bado ukinipulizia uji upoe kabla ya shule. Ni mikono ileile, na hilo ndilo linaloniliza.

Mashariki ya jiji letu pia kuna kinu, na tumekizoea. Vidonge vya iodini, vya kukinga tezi sumu ikivuja, hutolewa bure, ukiagiza. Juzi niliagiza, kisha nikapita korido yetu nikiwauliza majirani kama wanajua habari za vidonge hivyo.  Mama mmoja Mbengali alimwita mwanawe atafsiri, wakanisikiliza mpaka mwisho, kisha yule mama akanishika mkono.

Pumzika, Baba yangu. Siwezi kukuombea msamaha kwa yule binti. Hata jina lake hukuwahi kututajia. Ila nakuahidi: siku nitakayosikia jambo ambalo wenzangu hawajalisikia, hata kama naogopa, nitagonga milango.

Mwanao.