Upepo wa Tbilisi

Belgrade, 14 Juni

Mama jan, mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi mengi. Hujambo? Na ule mkono uliovunjika, bado unakusumbua kukiwa na baridi? Msalimie jirani yetu Zabel, na kondoo wetu mzee pia, maana naye sasa ni mtu wa nyumbani. Mimi mzima, ukiondoa kisigino. Aprikoti kavu ulizonifungia ziliisha juzi, nusu kala kocha Razmik.

Habari za mashindano ya kuruka si nzuri. Nimekuwa wa kumi na tatu, na fainali wanaingia kumi na wawili. Ndiyo, tena. Mruko wa kwanza nilikanyaga nje ya ubao, bendera nyekundu ikapanda. Wa pili mita kumi na tano na kitu, aibu tupu. Wa tatu kisigino kiligoma, nikapita juu ya mchanga natembea kama mtu anayekwenda dukani. Kijana mmoja aliniita mzee, tena kwa adabu kabisa, na hiyo adabu ndiyo iliyoniuma. Razmik hakugomba. Alinifungia begi langu tu, na hajawahi kunifungia begi tangu tujuane.

Nimechoka, mama. Nimechoka na viwanja vya ndege, na sindano, na kutumbukiza miguu kwenye ndoo za barafu. Miaka kumi na minne narukaruka, na kila nikiondoka unamwaga maji nyuma yangu mlangoni ili nirudi salama. Najua Zabel anavyokutania, eti mwanao anaruka mara tatu kwa mkupuo, anashindwaje kuruka mara moja tu akafika nyumbani Artik?

Unakumbuka tulipomzika baba uliweka nadhiri: siku nitakayovuka mita kumi na saba utachinja mwanakondoo, nyama iende nyumba saba, nami niache kuruka, nirudi nishike karakana yake ya mawe. Nikaapa pale pale kaburini. Mwanakondoo huyo sasa ana miaka saba, meno yameanza kumtoka, na bado unamlisha ukimwambia avumilie, kijana yuko njiani.

Sasa nisikilize, na ukitaka kunitukana, nitukane. Miaka mitatu iliyopita nilikupigia simu kutoka Tbilisi. Nikakuambia nimeruka kumi na saba na sentimita nne, ila upepo ulinisukuma mno, kwa hiyo waamuzi hawakuuhesabu mruko. Ukasema pole mwanangu, Mungu yupo, utavuka tu. Mama, upepo haukuwepo. Hata bendera za uwanjani zilikuwa zimelala. Nilivuka kihalali. Razmik alikuwa analia kwa furaha, na mimi nawaza karakana na vumbi lake, nikaona bado, nipate medali kwanza. Nikausingizia upepo. Tangu siku ile sijavuka tena, hata mara moja.

Ningeweza kufa na siri hii. Lakini mwaka juzi ulianguka kwenye barafu uani, ndoo ya chakula cha kondoo mkononi. Kondoo ambaye alipaswa kuwa ameshaliwa zamani. Zabel ndiye aliyenipigia simu. Wewe ulikataza nisiambiwe, nisije nikavurugikiwa na mashindano. Mkono huo nimeuvunja mimi, mama. Nisamehe.

Basi mwombe padri abariki chumvi ya kumlisha kondoo wa nadhiri, kama desturi yetu, lakini asichinjwe kabla sijafika Jumamosi. Nyama nitaipeleka mwenyewe mlango kwa mlango, na kila nyumba nitaiambia kwamba imechelewa miaka mitatu na ni kwa sababu gani. Nitaanza kwa Zabel, anisute yaishe.

Wasalimie wote wanaoniulizia. Ndoo ya kondoo usiibebe tena, mpe Zabel. Na ile birika unayomwagia maji nyuma yangu mlangoni irudishe jikoni, tuchemshie chai.

Ni mimi mwanao,
Norayr