Mvinyo wa Dunia, Ndimu ya Kariakoo

Jumatatu, 1 Septemba

Chupa kumi na tisa kabla ya saa sita mchana. Nimezitema zote kwenye ndoo. Ulimi umekauka kama gunzi. Zimebaki sitini na kitu, na mimi nataka arobaini tu za orodha ya mgahawa.

Gaspari, wakala anayetuletea sampuli, ameshusha makasha mengine manne mlangoni. Ujerumani, Chile, Ugiriki, Lebanoni. Sikujua kama Lebanoni wanalima zabibu. Nimeonja wa kwao nikalazimika kukaa. Mwekundu, mzito, harufu ya zambarau zilizoanguka zikakanyagwa na watu njiani kule Upanga. Kitabu cha Gaspari kinasema "matunda meusi ya msituni". Msitu gani huo? Mimi nimeandika zambarau.

Bosi Kirit alichungulia stoo mpya. Zamani babu yake alihifadhi humu majora ya khanga. Kuta nene, mashine ya baridi inanguruma taratibu, rafu tupu zinangoja. Akaniambia Jumamosi hii niandae meza ya majaribio. Atakaa yeye, mjomba wake Dinesh mwenye nusu ya mgahawa, na wateja wanne wa siku nyingi. Wakiipenda orodha yangu, stoo ni yangu na mimi ndiye mtunza mvinyo. Wasipoipenda, anamleta mtaalamu kutoka Cape Town. Alisema kwa upole. Upole wake ndio unaonitisha.

Miaka kumi na nne nipo hapa Kisutu. Nilianza kwa kuosha glasi. Naitaka stoo hii kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote.

Jumatano, 3 Septemba

Siku nzima na chakula cha Bi Zainabu. Ndiye mpishi wetu mkuu, na kila chupa nitakayochagua lazima ielewane na sahani zake. Yeye hajawahi kuonja pombe wala hataonja. Chupa zangu hazivuki kizingiti cha jikoni, hilo tulikubaliana zamani. Kwa hiyo ananipakulia moja kwa moja kutoka sufuriani, nami nabeba sahani mpaka stoo na kujifungia kama mwari.

Pweza wake wa nazi! Mungu anisamehe, nilimaliza sahani ndipo nikakumbuka kufungua chupa. Ikabidi nirudi kuomba nyingine.

Nampenda mama huyu na ninamwogopa. Anajua kitunguu kimeiva kwa kusikia tu sauti ya mafuta, huku amekipa mgongo anakata bamia. Nimemtazama miaka yote hii na bado sijui anafanyaje.

Pweza nimemuoza kwa mweupe wa Ufaransa, mnene, wenye harufu ya siagi. Wamependana papo hapo. Samaki wa kupaka amekwenda kwa Chile. Mishkaki kwa yule wa Lebanoni, kipenzi changu.

Nilipokuwa narudisha sahani Bi Zainabu akaniuliza, "Umekula hivyo hivyo?" Nikasema ndiyo, tamu sana. Akaguna. Sikumuuliza aligunia nini.

Ijumaa, 5 Septemba

Orodha imekamilika. Arobaini kamili, nchi kumi na moja. Nimeinakili kwa mwandiko wangu mzuri. Nimeisoma mara tatu kwa sauti nikiwa peke yangu. Leo najipenda.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeaibika.

Pweza alifika mezani. Nikamimina ule mweupe wa Ufaransa, nikaeleza maneno mawili, nikarudi nyuma nikafumba mikono kama bibi harusi. Kabla hata mmoja hajagusa glasi, mikono sita ikaenda kwenye kisahani cha ndimu. Wakakamua. Kisha pilipili mbuzi ya kusaga. Mjomba Dinesh, ambaye hali nyama wala samaki, aliikamulia biringanya yake vipande viwili na kuongeza achari ya embe. Ndipo wakanywa.

Nyuso zao sitazisahau. Mmoja akasema, "Mbona kama maji?" Mjomba Dinesh akaitazama glasi. "Hii waini imelala," akasema.

Nikaonja na mimi, na pweza mwenye ndimu. Kweli. Mvinyo ulikuwa umekufa. Mnene, mzembe, hauna hata chembe ya uhai. Chile vilevile. Halafu ukaja wa Lebanoni juu ya mishkaki yenye pilipili, ukawa moto mtupu. Mteja mmoja alikohoa mpaka machozi, akaomba soda.

Kirit hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. "Anjela, Jumatatu nitampigia yule wa Cape Town."

Nimelia stoo, nimekalia kasha la Ugiriki ambalo hata sikulifungua vizuri. Ninachojikasirikia si bahati mbaya. Mimi mwenyewe nakamua ndimu kila siku ya Mungu. Kwenye supu, kwenye chipsi, kwenye samaki. Tangu nina meno. Nilipokaa na vile vitabu vya mvinyo nikaanza kula kama watu wa kwenye vitabu.

Jumapili, 7 Septemba

Sikwenda kanisani. Saa mbili asubuhi Bi Zainabu akapiga simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema tu, "Vaa viatu vya kutembelea. Nakungoja Kariakoo."

Kanizungusha kwenye ndimu saa nzima. Wapagazi wanatupigia kelele tuwapishe, yeye wala hana habari. Anaibonyeza ndimu kwa dole gumba, anaikwaruza ganda kwa ukucha, ananusa, anairudisha. Anachukua nyingine. Muuzaji mmoja alianza kumlalamikia, kisha akamtambua, akaingia ndani akatoa gunia jingine alilokuwa amelificha. Nilitaka kucheka. Mtu anaogopwa soko zima kwa sababu ya pua yake!

Kisha akanielimisha, hapohapo katikati ya msongamano. Kwamba yeye anapika chakula makusudi kisifike mwisho. Anaacha ukali, anaacha nafasi, kwa sababu anajua mkono wa mlaji unakuja. Mpishi wa hapa anapika nusu, nusu nyingine anapika mteja mezani. "Wewe ulikionja hakijavaa nguo," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile.

"Ulikuwa na vitabu, mwanangu."

Imeniuma. Nilistahili. Lakini nilirudi nyumbani nimebeba ndimu hamsini na moyo mwepesi kuliko jana.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimemwahi Kirit kabla hajafungua simu yake. Nikaomba meza moja zaidi. Amekubali Jumamosi, tarehe 13, watu walewale. Mtaalamu atamwambia akae tayari tu, tiketi atamnunulia Jumamosi jioni kama nitaanguka tena. Sina nafasi ya tatu.

Nimeanza upya. Sheria moja: sahani haionjwi mpaka imekamuliwa ndimu, imepata pilipili na kachumbari. Ndipo chupa ifunguliwe.

Saa tano asubuhi nimefungua lile kasha la Ugiriki nililolikalia nikilia. Mweupe, mkali, unatoka kisiwa kilichozaliwa na volkano. Una ladha ya jiwe lililolowa na chumvi. Juzijuzi niliuandikia "mchachu mno, hapana". Leo, juu ya pweza mwenye ndimu, umesimama wima! Ndimu ilipopanda nao ukapanda. Nimeonja mara nne kuhakikisha, na mara ya nne sikutema.

Wa Ureno wenye vipovu vidogo, na samaki wa kupaka: safi. Wa Ujerumani wenye utamu kidogo, juu ya mchuzi wa kamba wenye pilipili: utamu unaushika moto mkono na kuutuliza. Watu wanaishi kwenye miteremko yenye baridi, hawajawahi kuiona pilipili mbuzi, na bado wametutengenezea dawa yake. Dunia ina watu hodari.

Jumatano, 10 Septemba

Mwekundu unanitesa. Ajentina, umeshindwa. Hispania, umeshindwa. Chupa kumi na mbili, zote zinageuka makaa zikikutana na pilipili. Mjomba Dinesh hanywi mweupe kama ana hiari. Bila mwekundu mmoja wa kweli nimekwisha.

Alasiri nikaenda kusimama mlangoni kwa Bi Zainabu, bila chupa, kulalamika tu. Akasema nimweleze mmoja mmoja. Nikaeleza. Huu mzito, unakausha ulimi. "Kama chai iliyochemka mara mbili?" Ndiyo. "Huo acha, unagombana na pilipili." Huu una mbao. "Acha." Nikafika kwenye wa Italia, mwepesi, rangi hafifu, ambao niliudharau kwa wepesi wake. Una uchachu, nikasema, kama komamanga. Akaacha kukata. "Komamanga haliliwi la moto. Umeuweka baridi?"

Hapana. Vitabu vinasema mwekundu hauwekwi baridi.

Nimeuweka kwenye friji nusu saa. Mishkaki, ndimu, pilipili, kisha kinywaji. Nimepiga kelele stoo peke yangu. Mwanamke ambaye tone la mvinyo halijawahi kumgusa ulimi ameuonja kwa masikio, na hakukosea.

Wa Lebanoni nimeuacha chupa sita tu. Kwa wale wanaokula bila ndimu. Wapo, nawaonea huruma.

Jumamosi, 13 Septemba

Wamekaa. Mikono sita kwenye ndimu. Safari hii nilikuwa nimeongeza kisahani cha pili mwenyewe.

Mgiriki na pweza: wanatafuna, wanakunywa, wanachukua tena. Mreno: yule aliyesema maji aliomba kuona chupa. Kisha mishkaki, na mbele ya Mjomba Dinesh mboga za kuchoma zenye achari, na mwekundu wa Italia wa baridi. Mjomba akaushika mguu wa glasi, akashangaa ubaridi, akanitazama vibaya. Akanywa. Alinisogezea glasi niongeze. Akafanya hivyo mara tatu.

Kirit kanipa ufunguo wa stoo mbele yao wote. Akasema jina langu liandikwe juu ya orodha. Nikasema liandikwe na la Bi Zainabu, maana bila yeye hapa leo pangekuwa na aibu ya pili. Wote wakapiga makofi.

Nikakimbilia jikoni kumpa habari. Nilidhani nampelekea zawadi.

Akafuta mikono kwenye khanga. Hakukasirika. "Anjela mwanangu, jina langu usiliweke kwenye pombe."

Nikaomba radhi, nikaona nimepungukiwa na akili hadharani. Akaniambia yamekwisha. Halafu akauliza, taratibu, kama anayeulizia bei ya nazi, "Na mimi, siku nikikaa meza ile, hiyo orodha yako inaninywesha nini?"

Nikafungua ukurasa wa mwisho. Mstari mmoja chini kabisa. Soda, maji, juisi.

Juisi gani, hata sikuandika. Nchi kumi na moja nimezisafiri kwa ulimi, na mama aliyenionyesha njia nimemwandikia soda. Nusu ya wanaokula kwetu hawanywi pombe. Nawahudumia kila siku.

Jumanne, 16 Septemba

Mzigo wa kwanza umefika. Nimepanga rafu mpaka mgongo ukagoma. Ugiriki chini, Ureno karibu na mlango. Stoo inapendeza. Nimeifunga na ufunguo wangu, nikaenda kununua ukwaju.

Jumapili, 21 Septemba

Mgahawa umefungwa leo. Bi Zainabu alikuja saa saba mchana kwa mwaliko wangu, amevaa baibui jipya, akakaa meza ya dirishani. Miaka yote hii sikuwahi kumwona amekaa upande ule.

Nilinunua glasi mpya, zile ndefu za mguu. Nikafungua kasha mbele yake, aone hazijawahi kukutana na mvinyo. Aliona.

Pweza alimpika mwenyewe, hakukubali nimpikie. Akakamua ndimu. Akaweka pilipili. Nikammiminia kinywaji cha kwanza, maji ya rosela. Akaonja, akakisogeza pembeni. Cha pili, bungo. Akanywa nusu. Cha tatu ni ukwaju na tangawizi, iliki kidogo, baridi kabisa. Nimekihangaikia siku tano, kuliko nilivyohangaikia Ufaransa yote.

Akala tonge, akanywa. Akala tonge jingine, akanywa tena, macho ameyafumba. Nilikuwa nimesimama pale na kitambaa mkononi. Nje barabara ilikuwa tupu, kengele za hekalu zinalia mtaa wa pili.

Akaweka glasi chini.

"Punguza sukari."

Nikaenda kupunguza.